Haigromita tatu kwenye sanduku moja la sigaa, ipi niiamini?

Kijana mmoja anafanya kazi kwenye baa ya hoteli huko Paje kaniandikia hivi, nafupisha: "Ami shikamoo. Tuna sanduku la sigaa za wageni, yale masigara manene ya Kuba, na ndani mna haigromita tatu, vile vidude vya kupimia unyevu wa hewa. Ya dijitali ya kwanza inasema asilimia 72, ya pili 64, na ile ya mshale iliyokuja na sanduku lenyewe inasema 58. Mwaka huu peke yake tushatupa mbili tukanunua nyengine. Bosi anasema safari hii tununue ya bei mbaya yaishe. Ipi inasema kweli, na hivi vitu vinaishi muda gani hasa?"

Marahaba mwanangu. Kwanza mwambie bosi pesa yake airudishe mfukoni, kwa sababu kwa navoona mie hizo mbili za dijitali wala hazijagombana. Hivi vidude vya bei ya kawaida, vyeusi vyenye kioo kidogo, aliyevitengeneza mwenyewe kaandika kwenye karatasi yake kwamba vinaweza kukosea pointi 5 juu au pointi 5 chini, tatizo karatasi yenyewe inatupwa na boksi. Sasa piga hesabu. Ya kwanza inasema 72, ikiwa imezidisha 5 basi kweli ni 67. Ya pili inasema 64, ikiwa imepunguza 5 basi kweli ni 69. Kwa hiyo unyevu wa kweli ukiwa baina ya 67 na 69, zote mbili ziko ndani ya ahadi yake, hamna mwongo hapo na hamna mbovu, na naogopa zile mbili mlizozitupa zilikuwa hivyo hivyo. Na zile namba baada ya nukta zisikuzuge, kuandika 64.3 hakumfanyi mtu kuwa mkweli zaidi, ni kama muuza samaki anokwambia kilo moja na gramu 12 na mizani yenyewe kaegemezea tofali.

Niseme tu mie sivuti, si sigara si sigaa, kazi yangu ni mafriji na AC na vyumba vya baridi miaka mingi sasa, hizi sigaa nimezijua kwa kuitwa na mahoteli, "fundi njoo utuangalie sanduku letu". Nkafika nkakuta tatizo si sanduku, ni haigromita, na mara nyengine tatizo si haigromita, ni yule anoizima AC usiku. Tutafika huko.

Kujua kweli iko wapi hakuhitaji mashine ya mamilioni, kunahitaji chumvi. Chumvi ya kula ukiilowesha kidogo ukaifungia pahala pasipopita hewa, hewa ile iliyo juu yake inakaa kwenye unyevu wa asilimia 75, ndio tabia yake chumvi, haibembelezwi. Na uzuri wake ni kwamba joto haliibabaishi, kwenye digrii 20 inatoa 75.5, kwenye digrii 30 inatoa 75.1, yaani kwa hali yetu hapa Unguja ni 75 na maneno yameisha. Chukua kifuniko cha chupa ya maji, jaza chumvi, dondoshea maji matone machache mpaka iwe kama mchanga wa ufukweni maji yakisharudi, imelowa lakini haina dimbwi juu. Weka kifuniko ndani ya kopo linaloonesha ndani au mfuko wa zipu mzito, weka haigromita zako zote tatu pembeni yake zisiguse chumvi, funga, enda zako. Za dijitali baada ya masaa 8 hivi zishatulia, ya mshale ni mvivu ipe saa 24, mie nazipa zote siku nzima nkalala usingizi wangu. Usiweke juani wala mbele ya AC inopuliza, chumba kiwe na joto moja. Kesho yake soma bila ya kufungua, ukifungua tu ushaharibu, hewa ya nje imeingia.

Ila skiza hapa, maana hapa ndipo watu wetu wanapokosea na mie nilikosea zamani. Usichukue chumvi ya mawe ile ya mabwawani inotoka Pemba, nzuri sana kwa samaki lakini si kwa kazi hii. Chumvi ya bahari isiyosafishwa ina magniziamu ndani, ndio ile inofanya chumvi ya gunia ilie maji yenyewe masika ikifika, na chumvi ya magniziamu peke yake hukaa kwenye asilimia 33 na sio 75. Ikichanganyika inavuta chini, haigromita yako nzima inasoma 71 ukaja ukaihukumu bure. Nunua ile ya pakti, nyeupe safi, hata ikiwa na madini joto haidhuru. La pili, maji yasizidi. Kuna moja nilitia maji mengi, mtoto kalisukuma kopo, maji ya chumvi yakaingia kwenye vitundu vya sensa, kile kidude cha ndani kinachohisi unyevu, ikasoma 99 siku mbili, halafu haikusoma kitu tena. Nilikuwa nimeinunua wiki ile ile.

Haya, zishalala kwenye chumvi, asubuhi unakuta ya kwanza inasema 79, ya pili inasema 71, ya mshale tuseme 66. Basi ushajua, ya kwanza inazidisha 4, ya pili inapunguza 4, ya mshale inapunguza 9. Chukua tepu nyeupe, andika kwa kalamu "toa 4", bandika nyuma, kwengine "ongeza 4", basi. Za mshale nyingi zina skrubu nyuma, unazungusha kwa bisibisi ndogo mpaka mshale ukae kwenye 75, ila fanya haraka kabla haijaizoea hewa ya chumbani.

Sasa hapa ndipo ninapotaka unielewe, maana ndio jibu la suala lako lote. Haigromita inokosea pointi 4 leo, ikakosea 4 mwezi wa Ramadhani na ikakosea 4 mwakani, hiyo ni haigromita nzuri sana, kaa nayo. Ya kutupa ni ile leo inazidisha 2, baada ya miezi mitatu inapunguza 5, halafu inazidisha tena. Kukosea hakuna shida, shida ni kuhamahama. Na huwezi kujua kama inahama kwa kuitazama, wala kwa kuilinganisha na jirani yake maana jirani naye ana yake, unajua kwa kuirudisha kwenye chumvi na kuandika. Mie nafanya mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kaskazi ikianza, tarehe na namba kwenye daftari. Ukiona namba mbili zinazofuatana zimepishana zaidi ya pointi 3 basi anza kuitilia shaka, zikipishana zaidi ya 5 mpe mtoto achezee.

Muda wa kuishi sasa. Inategemea ndani mna nini.

Hiyo yenu ya mshale, karibu zote zinazokuja bure na sanduku ndani mna utepe mwembamba wa chuma umebandikwa kitu kinachonyonya unyevu, umeviringishwa kama springi ya saa, ukilowa unajikunja ukikauka unajikunjua, mshale unakwenda. Kukosea pointi 10 kwake ni jambo la kawaida tangu dukani. Chuma na hewa ya bahari unajua wenyewe wanavyopendana, kwa hapa kwetu baada ya mwaka au miwili sitoiamini, na itaendelea kuonekana mpya hata miaka 20, ndio hatari yake.

Kuna nyengine za mshale zinazotumia nywele, kweli nywele za binaadamu, hizi ni jadi, Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva alizitangaza mwaka 1783. Unywele ukitoka ukavu kabisa mpaka kulowa kabisa unarefuka kama asilimia 2 na nusu hivi, na hilo kina mama wa hapa hawahitaji Mswisi awafundishe, muulize bibi harusi yeyote aliyepasi nywele wakati wa masika kama zilifika ukumbini zimelala. Haigromita ya nywele nzuri ikitunzwa inamzika mwenyewe, lakini ukiiacha kwenye ukavu wa AC muda mrefu inasinzia, inabidi uiamshe kwa kuifunga kitambaa kilicholowa kama saa moja, isome karibu na mwisho kule juu, halafu uirekebishe. Hoteli zetu nyingi hazina hizi, kwa hiyo tusipoteze muda.

Za dijitali ndani mna sensa kama punje ya mchele, plastiki maalumu nyembamba inonyonya mvuke na umeme unapima imenyonya kiasi gani. Watengenezaji wakubwa wa hizi sensa wanaandika kwamba inahama chini ya nusu pointi kwa mwaka. Kweli kabisa, nakubali, kwenye hewa safi. Kwa hesabu hiyo ingekaa miaka 10 hujaona tofauti, na mie ninayo moja iko chumba cha dawa ina mwaka wa saba bado inakosea ile ile pointi 2. Lakini nimeona na ya miezi minne imekwisha, aina ile ile, duka lile lile. Kwa hiyo ukiniuliza inaishi muda gani ntakuuliza inaishi wapi.

Kwanza sisi tuna karafuu. Plastiki ya sensa hainyonyi maji tu, inanyonya na mivuke mengine yenye nguvu, na mafuta ya karafuu ni nguvu tupu. Niliwahi kuacha haigromita yangu nzuri wiki tatu kwenye stoo ya jamaa yangu Pemba wakati wa msimu, magunia mpaka darini, nilipoirudisha kwenye chumvi ilikuwa imeruka pointi 6 juu. Udi ni hivyo hivyo, na rangi mpya, varnishi, gundi, perfyumu, dawa za kupulizia mbu na zile za kusafishia vioo. Nyie mahotelini mnapenda sana kuwasha udi risepsheni na kupuliza vitu vya mchaichai, hakuna ubaya, lakini sio karibu na sanduku, na achia mbali sensa, sigaa zenyewe zinanusa kila kitu, mgeni atavuta mchaichai. Ikishapata hayo si lazima imekufa. Iache wazi chumba kikavu chenye AC siku nne tano, halafu chumvi siku moja, halafu pima tena, nyengine zinarudi. Ile yangu ilirudi pointi 4 kati ya zile 6.

Pili jasho. Hewa ya nje mchana wetu ikiwa digrii 29 na unyevu asilimia 80, basi kitu chochote chenye baridi chini ya digrii 25 kitatoka jasho. Sanduku lenu likiwa chumba cha digrii 22, mhudumu akalichukua mpaka barazani kumuonesha mgeni achague, kioo kinaloa, sensa inaloa, sigaa zenyewe zinaloa ngozi. Fanyeni hivyo kila jioni muone kama mtafikisha mwaka. Chagua sigaa ndani, peleka sigaa, sio sanduku.

Tatu ni betri na kutu, hii fupi, betri ya kifungo ikiwa dhaifu namba zinafifia na mara nyengine zinadanganya, badilisha kabla ya kupima, na ukiona kijani pale betri inapokaa futa kwa spiriti. Ikiwa kwenye zile mlizozitupa kulikuwa na mbovu kweli, naweza kuapa ilikuwa betri.

Na kuna kifo kingine ambacho hakionekani. Wenye umri wanakumbuka umeme ulivyokatika Unguja mwisho wa 2009 ukaja kurudi Machi 2010, miezi mitatu, waya wa baharini. Hoteli moja ya mjini ilikuwa na jenereta lakini mafuta ghali, mchana AC zinazimwa, usiku zinawashwa. Sanduku lao la sigaa lilikuwa na haigromita ya mshale ya shaba, nzuri kama saa ya babu, na kila asubuhi mwenzetu mmoja anaandika kwenye karatasi: 70. Kesho 70. Keshokutwa 70. Joto linapanda linashuka, kuta za mawe zinatoka maji, yeye 70. Mie nilipoitwa ilikuwa kwa ajili ya jenereta, nkasema hebu nione hilo sanduku, nkaligonga kidole, mshale haukutikisika. Umeota kutu kwenye 70. Tukafungua tabaka la chini, kuvu jeupe sigaa nzima nzima. Hakuna aliyekuwa mvivu pale, aliandika kila siku, ila namba isiyobadilika hata kidogo wiki nzima kwenye kisiwa hiki ilitakiwa imtishe. Ukitaka kuijaribu yako, ipulizie pumzi, namba lazima iruke, ikiwa haijaruka maiti hiyo.

Haya sasa sanduku lenu lenyewe. Wanaoandika habari za sigaa wengi wako kwenye nchi za baridi, wanahangaika na ukavu, kwa hiyo kila ushauri wao ni ongeza maji. Sie huku maji hatuyatafuti, yanatutafuta. Hewa ya nje digrii 30 na asilimia 80 ina maji kama gramu 24 kwa kila mita ya ujazo, ndani ya sanduku digrii 22 na asilimia 65 mna gramu 12 na nusu hivi. Yaani kila mnapofungua kifuniko penye hewa ya nje mnaingiza hewa yenye maji mara mbili. Lile povu la kijani lililokuja na sanduku linajua kutoa maji tu, halijui kuyanyonya, kwa hiyo mkilijaza mnamwagia maji mtu aliyekwisha kuloa. Litoeni. Wekeni zile pakiti za chumvi za pande mbili, zinazotoa na kunyonya, zimeandikwa namba juu yake, 62, 65, 69. Kwa hapa mie nachagua 65, zamani watu walikuwa na 70 kichwani lakini 70 na haigromita inokosea 5 ni 75 hiyo, na juu ya 75 kuvu hana haja ya kualikwa. Pia joto likizidi digrii 24 au 25 yule dumuzi wa tumbaku anaangua mayai yake, mtakuta vitundu kama vya sindano kwenye sigaa, ndio maana AC ya chumba kile isizimwe usiku hata mhasibu akasirike.

Na pakiti hiyo mpya ya 65 ina kazi nyengine, ukiifungia na haigromita kwenye kopo siku mbili unapata pahala pa pili pa kupimia, maana haigromita inaweza kuwa sawa kwenye 75 na ikakosea kwenye 65, nadra tofauti kuwa kubwa, lakini nyie mnaishi kwenye 65 sio 75.

Zipange hizo haigromita pamoja katikati ya sanduku, zisiwe moja juu ya pakiti nyengine chini ya kifuniko, sanduku moja linaweza kuwa na tofauti ya pointi 3 au 4 baina ya pembe na pembe. Na moja isiwe karibu na taa, hewa ile ile ikipata joto digrii 1 tu unyevu wake unashuka kama pointi 4, mkaanza kulaumu sensa. Mkishafungua sanduku ngojeni nusu saa kabla ya kusoma.

Bosi akishikilia lazima anunue, basi anunue mbili za kawaida za dijitali, bei yake haizidi sana chakula cha jioni cha watu wawili pale Forodhani, achague zinazosema pointi 2 au 3 badala ya 5 na zenye kitufe cha kurekebisha kama zipo, moja ikae sandukuni, ya pili ikae kwenye mfuko umefungwa ndani ya droo mbali na jiko na udi, itoke mara mbili kwa mwaka tu siku ya chumvi. Hiyo ya droo ndiyo shahidi wako. Ya bei mbaya ikiwekwa barazani kwenye jasho itakufa sawasawa na ya bei rahisi, tena utaililia zaidi.

Ile ya mshale usiitupe, iache hapo hapo kwenye kifuniko, wageni wanaipenda kuipiga picha. Ila mwambie kijana wa zamu asiandike namba yake. Ukishazilaza kwenye chumvi niandikie umepata ngapi, na aina ya chumvi uliyotumia.